Mtindo wako unao tayari, hujauona tu: namna ya kuutafuta kama dansa na mtunga stepu

Miaka kadhaa nyuma niliingia shindano moja la kudansi hapa Dar, nikamwaga kila kitu ninachokijua, afro ipo, amapiano ipo, singeli ipo, nikavunja viungo kama roboti alafu nikamalizia na sarakasi kabisa, watu wakapiga kelele nikajua leo nimetoboa. Jaji mmoja akachukua maiki akasema, dogo unajua sana, ila nikifumba macho sikumbuki nilikuwa namwangalia nani.

Iliniuma wiki nzima aisee. Na nikafanya kosa ambalo najua na wewe unalifanya au ushalifanya, nikaenda kujifunza stepu zingine zaidi. Mwaka mzima naongeza stepu, kila inayotrendi ninayo ndani ya siku mbili, na kila nikiongeza ndo nazidi kufanana na watu. Baadae sana nikaja kuelewa nilikuwa naenda upande sio. Hii ninayoandika hapa ni njia niliyoipita mimi baada ya hapo, na nimeipitisha kwa vijana ninaofanya nao mazoezi, kuna vitu vinachosha na kuna vitu utaona ujinga, fanya tu.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Mtindo siku hizi tunalitumia hata kwenye nywele, ila kaa na wazee wa dansi watakwambia lilikuwa neno zito. Bendi za zamani kila moja ilikuwa na mtindo wake na mtindo una jina. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Mlimani Park wakaanza 1978 wakaja na Sikinde, Vijana Jazz wana Pambamoto, Western Jazz Saboso, Maquis Kamanyola, Safari Sound Ndekule. Mtindo ulikuwa mapigo na uchezaji wake kwa pamoja, na bendi ikipiga hata kama upo nje ya ukumbi hujalipa kiingilio unajua ni nani. Mpaka jina la mtindo likameza jina la bendi, leo watu wanabishana Msondo na Sikinde kama wanavyobishana Simba na Yanga. Sasa Msondo na Sikinde hayakuwa majina ya kuokota hewani, ni ngoma za huku kwetu pwani, za Wazaramo. Jamaa wana magitaa ya umeme na masaksafoni alafu wanajiita jina la ngoma ya nyumbani. Hawakuipiga ile ngoma kama ilivyo, waliipinda mpaka ikakaa kwenye gitaa, wakairudia kila wiki mpaka mji mzima ukaizoea.

Hapo kuna mambo matatu na mimi nayategemea mpaka leo: kuna kitu unacho cha kwenu, unakipinda, unakirudia bila kuona aibu. Wengi tunakwama kwenye la kwanza kwasababu tunadhani hatuna kitu.

Jirekodi alafu usiangalie

Weka simu juu ya ndoo au popote itakaposimama, ikuone mwili mzima mpaka nyayo, cheza fristaili dakika mbili. Usijiangalie. Kesho yake tena, muziki mwingine. Fanya hivyo mpaka zifike klipu kumi, ndani ya kama wiki mbili hivi, na uchanganye miziki kweli, weka singeli, weka rumba ya Kongo, weka taarab, weka kaswida hata kama huchezi ukae tu utembee, moja iwe hakuna muziki kabisa. Sababu ya kutoangalia ni kwamba ukiangalia ya kwanza, ya pili utaanza kujirekebisha, na hapa hatutaki ulichorekebisha, tunataka kile mwili unakifanya wenyewe ukiwa hujausimamia.

Zikifika kumi ndo kaa chini uziangalie zote siku moja, na uzime sauti. Hii ya kuzima sauti usiiruke, muziki mzuri unaficha sana. Chukua karatasi uandike kila kitu kinachojirudia, usiandike kizuri wala kibaya, andika kinachojirudia. Uzito unakaa mguu gani? Ukianza stepu mpya nini kinatangulia, bega, nyonga, kichwa? Mikono ikikosa kazi inaenda wapi? Ukichoka unafanya nini? Ukikosea unajificha wapi, maana kila mtu ana sehemu yake ya kujificha, kuna wanaocheka, kuna wanaozunguka, kuna wanaopiga makofi. Unamalizaje, unakata ghafla au unayeyuka? Macho yako wapi?

Mimi kwenye klipu zangu kumi, nane nilikuwa nimeegemea kulia. Sio kidogo, mwili wote umelala pembeni, mguu mmoja unabeba kila kitu, mwingine unaning'inia, mkono mmoja upo juu kama umeshika kitu, mwingine uko huru unapigapiga paja. Nilikaa naangalia sielewi hiki kitu kimetoka wapi, sijafundishwa na mtu, hakuna klipu ya TikTok inacheza hivyo. Dada yangu akapita nyuma yangu na beseni la nguo akatupa jicho kwenye simu akasema, we si upo mlangoni hapo.

Nilikuwa konda wa daladala miaka mitatu, Mbagala Kariakoo. Gari likijaa konda anaishia mlangoni, mguu mmoja ndani mwingine hewani, mkono umeshika bomba, mwingine unagonga bodi. Miaka mitatu kila siku tangu alfajiri. Mwili ulishaandika na mimi nilikuwa naufuta kila siku kwenye mazoezi ili nisimame wima kama wale jamaa wa kwenye video.

Kama huoni kitu kwenye klipu zako basi mwite mtu wa nyumbani asiyejua kudansi, mama, shangazi, mtoto wa jirani, mwambie akuigize unavyocheza. Atakuigiza vibaya mtacheka, ila angalia alichokichagua. Watoto ndo wabaya zaidi, hawana heshima kabisa, wanakupatia pale pale.

Ulichokuwa unakificha

Kwenye lile karatasi kuna vitu utavionea aibu. Usivikate. Kuna Mmarekani mmoja, Bob Fosse, mtunzi mkubwa wa dansi za majukwaa na sinema, yule alikuwa na mabega yamejikunja na miguu inayoangalia ndani, vitu ambavyo kwenye darasa la baleti ni kosa la kupigiwa kelele, na nywele zikamkimbia mapema akawa anavaa kofia. Akavichukua vyote akavifanya ndo lugha, magoti yaangalie ndani, bega lipande, kofia ishuke usoni. Leo ukiona dansa kashika kofia kapindisha goti unajua imetoka kwa nani. Kumbe ni mtu tu alikuwa anapanga kasoro zake vizuri.

Ila hapa niweke tahadhari, kuna kasoro na kuna kutojua. Kama hushiki mdundo sio mtindo huo mdogo wangu, nenda kafanye mazoezi. Namna ya kutofautisha ni rahisi, jaribu kufanya kinyume. Mimi nilijilazimisha kucheza wima mwezi mzima mpaka nikaweza, alafu ndo nikarudi kuegemea. Kitu unachoweza kukiacha na ukaamua kutokukiacha hicho ni chako, kitu kinachokushinda kukiacha bado kinakuendesha.

Toka kwenye kazi, toka kwenye mwendo

Watu wakisikia "tafuta kitu cha kwenu" wanakimbilia kuvaa kaniki na kupaka chokaa usoni. Sio lazima. Angalia ngoma zenyewe zilikotokea. Bugobogobo ya Wasukuma wanacheza na majembe, wanayarusha wanayadaka, kwasababu ilikuwa ngoma ya kulimia, vikundi vya vijana vinalima shamba la mtu kwa mdundo ili kazi iende. Kule Afrika Kusini wachimba madini wakageuza mabuti ya mpira waliyovaa mgodini kuwa ngoma, wanapiga buti kwa viganja. Nenda Rwanda uone wadada wanavyoinua mikono kwenye umushagiriro, ile ni pembe za ng'ombe, wanatembea kama ng'ombe wa kifalme. Na hii ya kunifurahisha zaidi, mganda wa kule Ziwa Nyasa, wanaume wamevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu wamepanga mistari, imetokana na beni, na beni ilikuwa watu wa pwani kuiga gwaride na brasibendi za wazungu enzi za ukoloni. Waliiga jeshi lililowatawala wakalifanya dansi lao, wakabadilisha tarumbeta kwa vibuyu. Hakuna atakayekwambia leo mganda sio ngoma ya asili.

Kwahiyo cha kwenu ni chochote mwili wako umekifanya mara elfu. Umekanda unga wa chapati? Umebeba ndoo kichwani? Umekuwa bodaboda, umesuka nywele za watu, umefua, umevuta nyavu, umepiga deki, umeswali? Chagua kimoja tu. Alafu fanya hivi, na hapa nenda taratibu kwasababu ndo kazi yenyewe ilipo.

Kwanza kifanye kama kilivyo, na kitu chenyewe mkononi kama kipo, mara nyingi, mpaka ujue uzito unahama lini na pumzi inatoka lini. Kukanda unga sio mikono, ni mgongo na visigino, mtu asiyewahi kukanda ataigiza mikono tu na ndo maana inaonekana maigizo ya shule. Ukishajua uzito uko wapi, ondoa kitu chenyewe, ubaki na uzito. Sasa anza kukipinda. Kifanye kikubwa mpaka kijaze chumba, kifanye kidogo mpaka kikae kwenye vidole. Kifanye umelala chini. Kihamishe, kama ni cha mikono kipeleke kwenye nyonga, kama ni cha nyonga kipeleke kwenye shingo. Kirudishe nyuma kama mkanda unaorudishwa. Kikate katikati usimalize. Kifanye polepole kwa dakika tano nzima, utatamani kulia, ila polepole ndo utaona vitu vilivyokuwa vinapita haraka.

Mtu akikuangalia akasema "anakanda chapati" bado hujafika, hiyo ni maigizo. Akisema "sijui ni nini ila kuna kitu nakijua hapo" basi umeanza kufika.

Jipe wiki tatu kwa kitu kimoja. Najua ni nyingi. Mimi mlango wa daladala nimekaa nao miezi minne na bado natoa vitu.

Unakaa wapi kwenye mdundo

Hili madansa wengi hawalifikirii kabisa. Watu wawili wakicheza stepu ileile juu ya biti ileile wanaweza wasifanane, kwasababu mmoja anakanyaga mbele kidogo ya mdundo na mwingine anachelewa kidogo kama hana haraka. Huo uchelewaji au uwahi ni alama yako kama sauti yako kwenye simu.

Mazoezi yake: tunga nane mbili tu (nane moja ni stepu za kuhesabu moja mpaka nane), fupi, usibadilishe kitu. Zipige kwenye singeli, ile inakwenda biti 200 na zaidi kwa dakika, utagundua huwezi kufanya kila kitu, lazima uchague, aidha miguu ikimbie mwili utulie au mwili ukimbie miguu ichague mdundo mmoja katika miwili. Ulichochagua kiandike. Zipige hizohizo kwenye rumba ya polepole, hapa shida inageuka, kuna nafasi kubwa na huna cha kuijazia, angalia unaijaza na nini. Zipige kwenye taarab. Alafu zima muziki upige bila kitu, unasikia miguu yako tu, na hapa ndo mdundo wako unajitokeza wenyewe.

Kama unaweza nenda kakae karibu na wapiga ngoma. Sio spika, watu. Wagogo wana muheme, wanawake ndo wanapiga ngoma zimebanwa mapajani huku wanacheza, mpigaji na mchezaji ni mtu yuleyule, ukiona ile unaacha kufikiria mdundo ni kitu kinachotoka kwa didjei. Mimi baada ya kuona hivyo nilianza kujipigia mwenyewe, kugonga paja, kugonga ukuta, kile kile nilichokuwa nagonga bodi.

Kuiga ruhusa, ila iga kiume na ulipe

(kiume au kike yani, mnanielewa)

Sikwambii uache kuiga. Ukiacha kuiga utajifunza wapi. Hata ile stepu ya kurudi nyuma kama unateleza, Michael Jackson alipoionyesha kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1983 watu wakadhani kaileta yeye, kumbe Bill Bailey, dansa wa Marekani, alikuwa anamalizia nayo miaka ya 50, na Jeffrey Daniel wa kundi la Shalamar aliifanya kwenye televisheni ya Uingereza 1982, na huyo huyo akamfundisha Michael. Michael hakuibuni. Alichofanya ni kuchagua sekunde za kuiweka, soksi zinazong'aa, suruali fupi ili kisigino kionekane, na kimya kabla yake. Nenda kaangalie vizuri, hajateleza muda mrefu hata kidogo, ni kufumba na kufumbua.

Kwahiyo unapoiga, iga mpaka chini. Chagua mtu mmoja unayempenda, chukua dakika moja yake, ijifunze yote mpaka pumzi, ufanane naye mpaka watu wacheke. Alafu jiulize ni wapi mwili wako uligoma. Pale ulipogoma paandike kwenye lile karatasi, hapo ndo mpaka wako na wake ulipo. Mwezi unaofuata chukua mtu mwingine asiyefanana naye kabisa. Tatizo la TikTok sio kwamba watu wanaiga, tatizo wanaiga sekunde kumi na tano za watu mia tatu, hakuna hata mmoja waliyemfikia chini.

Na ngoma za makabila ya watu zina wenyewe. Ukitaka sindimba usijifunze kwa dansa mwenzako aliyejifunza kwa dansa mwingine, nauli ya Mtwara ipo, na hata kama huna, Dar imejaa Wamakonde, tafuta mzee, kaa, nunua soda, uliza. Nilikuwa najiona najua sindimba mpaka bibi mmoja wa Newala aliponiangalia akaniuliza, mjukuu wangu, mbona unatikisa kiuno kama unakung'uta mchanga, kiuno hakikung'uti, kinajibu ngoma. Sentensi moja hiyo imenifaa kuliko wiki mbili za darasa. Na kuna mambo ya jando na unyago ambayo ukiambiwa haya hayatoki nje basi hayatoki nje, usiende kuyaposti ukasema umefanya fyusheni.

Kuwa na daftari la madeni. Kila stepu uliyochukua andika umeitoa kwa nani na wapi. Siku ukihojiwa unataja, siku ukifundisha unataja. Haikupunguzii kitu, na kwa uzoefu wangu wale wazee ukiwataja wanakupa zaidi.

Sasa jifunge kamba

Ukishakuwa na karatasi lako, vitu vyako viwili vitatu, na mdundo unapokaa, unatakiwa ujinyime. Hii ndo sehemu ngumu kwa mtu anayejua stepu nyingi. Weka sheria tatu, ucheze ndani ya hizo tu kwa mwezi. Za kwangu za kwanza zilikuwa: mguu mmoja lazima uwe hauna uzito, mkono mmoja lazima uwe umeshika kitu kisichoonekana, na siruhusiwi kuangalia mbele. Wiki ya kwanza nilikuwa kama kuku aliyefungwa mguu. Wiki ya tatu mwili ukaanza kutafuta njia, ukapata, na njia zile hakuna mtu alikuwa nazo kwasababu hakuna mwenye sheria zangu.

Ukiwaangalia wakubwa utaona kila mmoja ana kamba yake. Germaine Acogny, mama aliyezaliwa Benin akakulia Senegal, alijenga mfumo wake mzima juu ya uti wa mgongo, kila kitu kinaanzia mgongoni kinavyojikunja na kujikunjua, na 1998 akaanzisha shule yake, École des Sables, pale Toubab Dialaw, mpaka leo madansa wa bara zima wanaenda. Dada Masilo wa Soweto alichukua baleti ya zamani ya Swan Lake, akaicheza peku na kuichanganya na dansi za kwao, na wanaume nao akawavalisha sketi zile za baleti. Na huyu wa karibu yetu, Faustin Linyekula wa Kongo, mwaka 1997 alikuwa Nairobi, yeye na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen wakaanzisha kundi la Gàara, alafu akarudi Kongo akafungua Studios Kabako, Kinshasa kwanza baadae Kisangani. Mtu angeweza kukimbia ndombolo kwasababu ni dansi ya baa, yeye mwaka 2009 akamchukua mpiga gitaa Flamme Kapaya wakatengeneza kazi juu ya ndombolo hiyohiyo, ila ya kuongelea hali ya nchi. Stepu kila Mkongo anazijua, alichobadilisha ni swali linaloulizwa nazo.

Ukiwa unatungia wengine

Hapa mambo yanageuka. Dansa anatafuta mtindo kwenye mwili wake, mtungaji anautafuta kwenye miili ya watu, na kosa kubwa ambalo na mimi nimelifanya ni kutengeneza kopi zako. Nilikuwa na madansa watano wote wanaegemea kulia kama mimi, wanaonekana abiria wa gari lililopinduka.

Usiwape stepu, wape kazi. Badala ya kusema fanya hivi, sema: toka pale mpaka pale, mguu mmoja usiguse chini kwa muda wote, na njiani ushike kitu mara tatu. Kila mtu ataleta chake. Mmoja atarukaruka, mwingine atatambaa, mwingine atamshika mwenzake, hapo hapo umepata kitu hukukifikiria. Kazi yako inabaki kuchagua, kupanga nani anaanza na nani anasubiri, wapi pawe kimya, nani asimame mgongo. Mtindo wako kama mtungaji unaonekana kwenye unachokitupa. Mtu anayetunga vizuri anatupa sana, mimi nikitunga dakika nne nimetupa karibu ishirini.

Na usitungie kioo. Kipe kioo mgongo au kifunike na kanga, kioo kinafanya kila mtu atunge vitu vinavyopendeza kwa mbele tu.

Kuhusu hela, kwasababu najua utauliza. Mteja wa harusi anataka stepu zinazotrendi na anazilipia, mpe, kodi haisubiri mtindo. Ila kwenye kila kazi ya mteja weka nane moja ya kwako, moja tu, katikati, usimwambie. Kama hakuna mtu kakuuliza ile sehemu ni nini, basi bado haijaiva au umeificha sana. Kama bi harusi kaomba irudiwe, ongeza ziwe mbili kwenye harusi ijayo. Kuna vitu nimevijaribu kwenye kumbi za Temeke mbele ya mashangazi waliojifunga vibwebwe, na shangazi akiipenda kitu anaingia mwenyewe na kukutunza hapohapo, asipoipenda anaenda kuchukua pilau. Hakuna jaji mkweli kama huyo.

Kuupa jina mtindo wako usikimbilie. Bendi zile zilikuwa na majina kwasababu watu walishayacheza, ukijipa jina wiki ya kwanza utashindwa kubadilika. Mimi watu wa kitaa ndo walianza, "lete ile ya mlangoni", nikaiacha ibaki hivyo.

Kitu cha mwisho ambacho sikukitegemea. Mwaka jana dogo mmoja wa Tandika aliposti klipu anacheza ile ya mlangoni, hajanitaja, nikapandwa na hasira nikataka kumshukia kwenye komenti. Rafiki yangu akaniambia subiri, iangalie kwanza kama unavyoangalia za kwako, zima sauti. Nikazima. Dogo kaegemea vizuri kuliko mimi, mguu unaning'inia, mkono uko juu, paja anagonga, kila kitu kipo, na bado sio. Nikarudia kama mara saba ndo nikaona. Mimi kila nikiegemea nageuza shingo kidogo kuangalia nyuma, yeye haangalii nyuma. Sikuwahi kujua nafanya hivyo, haikuwepo hata kwenye karatasi. Konda hata gari likiwa kasi lazima ageuke ndani aone nani hajalipa, nani anashuka kituo kinachofuata. Nikamwandikia dogo nikamshukuru, akadhani namkejeli, na Jumatatu yake nikaenda mazoezini na watu watano nikawaambia leo hatugusi miguu, leo tunaangalia nyuma tu.